Vukeni barabara, wadogo zangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi viatu wangu pale Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, nikisubiri gundi ya soli ikauke. Ng'ambo ya barabara wakasimama vijana watatu. Kamera safi, mikanda mipya begani, na mmoja wao ana lenzi nyeupe ndefu kama chupa ya chai. Wakajibanza nyuma ya nguzo ya umeme, wakamlenga fundi wangu. Niliangalia saa: dakika kumi na mbili. Wanapiga, wanatazama kioo, wanapiga tena, wanagongesheana mikono. Kisha wakaondoka kuelekea Gerezani. Hawakuvuka.

Fundi akaniuliza, "Kaka, wale walikuwa wanapiga nini?"

Nikamwambia, wanakupiga wewe. Akaitazama mikono yake iliyojaa kiwi, akanyamaza, akarudi kwenye uzi wake.

Usiku picha nikaiona mtandaoni. Ni nzuri, siwanyimi haki yenu: mwanga umeingia kwa pembeni, mkono umetoka vizuri, vumbi linaonekana. Chini yake mmeandika "Maisha ni vita". Wadogo zangu, yule mzee ana nyumba yake Kitunda, ana binti anayemalizia uuguzi, na wakati mnampiga alikuwa akinieleza kwa nini kiungo fulani wa Simba anatakiwa akae benchi. Vita mmeitoa wapi?

Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaopiga picha za mtaani. Nawapenda, na mmenichosha. Makosa mnayoyafanya ni yale yale niliyoyafanya mimi, na mengine yana umri wa karibu miaka 190.

1. Mtu wa kwanza kwenye picha ya mtaani alikuwa kwa mpiga kiwi

Jina la Daguerre, yule Mfaransa wa mwanzo kabisa wa upigaji picha, mmelikariri kwenye kozi. Picha yenyewe mmeitazama? Mwaka 1838 Louis Daguerre aliweka kamera dirishani, juu ghorofani, akaielekeza Boulevard du Temple, Paris. Mtaa ule ulikuwa na farasi, mabehewa na watu kama Kariakoo wiki ya sikukuu. Lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, kwa hiyo kila kilichotembea kikafutika. Barabara ikatoka tupu, kama mtaa asubuhi ya Idi watu wakiwa msikitini. Aliyebaki ni mtu mmoja, chini upande wa kushoto, kwa sababu alikuwa ametulia: ameinua mguu, anapigwa viatu kiwi. Na yule anayempiga kiwi naye yupo, ila kwa ukungu, maana mikono yake ilikuwa kazini.

Majina yao hayajulikani mpaka leo. Daguerre alikuwa juu dirishani, hakushuka. Yeye namwelewa, alikuwa akihangaika na iodini na zebaki, dawa za kutengenezea picha zama zile, na wala hakujua kama kuna mtu atatokea kwenye bamba. Ninyi mlikuwa hatua ishirini.

Mimi kazi hii yote naiona hivyo, watu wakishuka kidogo kidogo kutoka kwenye lile dirisha. John Thomson, Mskoti aliyekwisha kuzunguka China na mitambo yake, mwaka 1877 alitoa picha za watu wa mitaani London pamoja na mwandishi Adolphe Smith, na kila picha ikaja na habari za mtu mwenyewe: anauza nini, analala wapi, alifikaje pale. Ni kitabu cha zama zake, kina majivuno ya zama zake, lakini walau waliongea na watu. Huku kwetu Unguja, studio za Wagoa kama ya Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho zilipiga mitaa ya Mji Mkongwe na watu wake, picha zikasafiri dunia nzima kama kadi za posta. Zitazameni kwa makini. Ukuta utaujua, mlango utaujua, hata kanga utaitambua. Mtu mwenyewe kwenye kadi nyingi ataitwa "mchukuzi" au "mwanamke wa Kiswahili", basi.

Na msisahau kwamba hapa kwetu jina "mpiga picha wa mtaani" lilikuwa na wenyewe kabla yetu. Ni wale wa Mnazi Mmoja, wa Uhuru Park kule Nairobi, wa kivuko cha Likoni na mapazia yao ya kuchora. Anakupiga leo, kesho lazima akupate akuletee picha ndipo alipwe. Kwa hiyo anajua unakaa wapi, kwa nani, na ukitoka kazini unapita njia gani. Mzee mmoja wa aina hiyo alinifundisha kuweka mkanda wa filamu kwenye kamera bila kuuunguza kwa mwanga, na daftari lake la majina lilikuwa nene kuliko albamu zake.

2. Lenzi fupi, na machinga wa Paris

Ile lenzi ndefu ya 70-200, ya kuvuta mtu kutoka mbali, ibakizeni kwa harusi. Kazi hii ilizaliwa na kamera ndogo. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz pale Wetzlar, Ujerumani, alichukua mkanda wa sinema wa milimita 35, akaulaza, akapata fremu ya milimita 24 kwa 36. Kamera hiyo, Leica, ikaingia sokoni mwaka 1925. Kabla yake mpiga picha Eugène Atget alizunguka Paris na kamera ya sanduku la mbao, tripodi na mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24, na mwenye mzigo ule hawezi kumfuata mtu anayetembea. Baada ya Barnack, kamera ikaingia mfukoni mwa koti.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alikutana na Leica yake Marseille mwaka 1932, akiwa ametoka Ivory Coast ambako homa ilikaribia kumuua. Kilichomwamsha ni picha moja ya Mhungaria Martin Munkácsi: wavulana watatu weusi, wametupa mgongo, wanayakimbilia mawimbi. Picha hiyo imezunguka dunia kwa jina la Ziwa Tanganyika. Mtu akiwaambia kwamba sanaa hii ni ya Wazungu na sisi tunaigiza, mwambieni kwamba huyo anayemnukuu kila siku alishtuliwa na watoto watatu wa Kiafrika waliokwenda kuogelea. Nao hakuna aliyewaandika majina.

Sasa lile neno lake mnalolipenda, "wakati wa uamuzi", yaani kubonyeza pale pale tukio linapofika kilele. Kitabu cha Cartier-Bresson cha mwaka 1952 kwa Kifaransa hakiitwi hivyo. Kinaitwa Images à la sauvette. Jina la wakati wa uamuzi ni la toleo la Kiingereza, na ndilo lililofika kwenye semina zetu. À la sauvette husemwa hasa kwa mchuuzi asiye na kibali, aliyetandaza bidhaa chini huku jicho moja likimtafuta askari, tayari kukunja na kukimbia. Machinga na mgambo! Nilipoelezwa hili na rafiki aliyesoma Lubumbashi nilisimama katikati ya njia. Miaka yote nilimwona Cartier-Bresson kama mwindaji aliyejificha na bunduki, kumbe jina lake mwenyewe linamweka chini barabarani, turubai mbele yake, katikati ya watu, anaona kila kitu kwa sababu naye ni wa pale pale. Alitumia zaidi lenzi ya milimita 50, na sehemu zinazong'aa za kamera alizibandika mkanda mweusi.

(Na wale mnaogombana kwamba kukata fremu, yaani kupunguza kingo za picha, ni dhambi: ile picha yake ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ya 1932, aliipiga kupitia upenyo wa uzio, ubao ukaziba pembeni, na ikakatwa.)

3. Maelezo ya picha

Hapa nitakaa.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka mitatu kwenye kazi na nilijiona nimefika. Nilikuwa napanda daladala ya kwanza kwenda Buguruni, nafika saa kumi na mbili kasorobo, nalisubiri lile jua la kwanza linalopenya kati ya mabati. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua. Anakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, karai kwenye jiko la mkaa, moshi unampita begani. Asubuhi ile karai lilikuwa limeepuliwa. Ameinama, shavu kwenye kiganja, mtoto mchanga kalala mapajani pake ndani ya kanga. Jua likamgusa upande mmoja wa uso, moshi ukatulia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mtaro na lenzi ya 70-300 ya kuazima. Nikapiga fremu arobaini na kitu, nikaondoka. Vitumbua vya mama yule nilikuwa navila karibu kila wiki. Siku ile hata kumwamkia sikumwamkia, kwa haraka ya kwenda kuzitazama kwenye kompyuta.

Picha ilipendwa. Tulikuwa na maonyesho madogo ya vijana, ikawekwa katikati ya ukuta. Nikaipa jina: "Mama wa Huzuni".

Baada ya miezi miwili shirika moja likanipigia simu, wanataka kuinunua. Ni kwa ajili ya nini? Elimu ya afya kwa jamii. Shilingi laki mbili. Nikasaini bila kusoma ukurasa wa pili, nikalipa kodi ya chumba, nikanunua na memori kadi.

Bango nililiona kwanza kituo cha daladala cha Tazara. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba. Juu yake, kwa herufi nyekundu: "Nilichelewa kupima". Chini, maelezo ya virusi vya UKIMWI na namna ya kumkinga mtoto. Niwaambie nilichofanya, kwa sababu ndicho kinachonirudia mpaka leo. Nilifurahi. Nilisimama mbele ya bango, nikatoa simu, nikalipiga picha, nikamtumia mama yangu mzazi Tanga.

Wiki iliyofuata nikaenda Buguruni kumpelekea habari njema. Kweli kabisa, niliziita habari njema. Kigoda hakipo. Jiko halipo. Palipokuwa pamekaa karai pana mduara mweusi tu wa masizi ardhini. Kijana wa duka la jirani akaitazama kamera begani kwangu, akasema, "Wewe ndiye uliyempiga ile?" Akanieleza huku akipanga sabuni, bila hata kuniangalia. Bango lilibandikwa pale kituoni kwao Jumatatu. Jumatano vitumbua vilibaki karibu vyote. Watu waliokuwa wakinunua kwake miaka sita wakawa wanapita upande wa pili wa mtaa. Mwenye nyumba akamwambia atafute kwingine. Amehamia kwa dada yake, Mbagala.

Nilimpata baada ya wiki mbili. Nilikwenda nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Akanikaribisha ndani, nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba kama zamani, akanipa maji ya kunywa. Tukakaa kimya muda. Halafu akasema, polepole tu:

"Mwanangu, si ungenisemesha? Ningekwambia. Siku ile jino lilikuwa linaniuma, usiku mzima sikulala. Na yule mtoto si wangu. Ni wa jirani, mama yake alikwenda kuchota maji, nikamshikia."

Jino. Ile huzuni yote niliyoiandikia kadi na kuitundika ukutani ilikuwa ni gego. Na mtoto wa watu nilikuwa nimembandikia ugonjwa hadharani, na mama yake mzazi, ambaye hata kwenye fremu hayumo, naye mtaa ukaanza kumsema.

Laki mbili nilimpa yeye kwa mafungu matatu. Shirika nililifuata mara nne. Walikubali kuyaondoa mabango, ikachukua wiki tano, na mengine niliyaondoa mwenyewe alfajiri kwa ndoo ya maji na kisu butu. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi nzito haitoki nzima, inatoka vipande vipande. Pale Tazara kilibaki kiganja na nusu ya shavu, mpaka mvua za masika zikakiosha. Mama yule hakurudi Buguruni, na hakukubali tena kupigwa picha na mtu yeyote. Niliambiwa hata harusini kwa mwanawe alikaa nyuma ya nguzo.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma kisa cha mpiga picha Mfaransa Robert Doisneau, nikaona kila hatua niliyopita. Mwaka 1958, kwenye mgahawa wa Rue de Seine, Paris, alimpiga mwanamume mmoja aliyesimama kaunta na binti mzuri, glasi za divai mbele yao. Picha ikatoka kwanza gazetini, kwenye habari za migahawa, hakuna ubaya. Kisha kupitia wakala wake ikaangukia kwenye kijigazeti cha kupinga ulevi. Kisha gazeti la udaku likaichukua, likaandika chini yake kwamba huo ni ukahaba wa Champs-Élysées. Mwanamume yule alikuwa mwalimu wa kuchora. Alishtaki, gazeti likaamriwa kumlipa, Doisneau akaachiwa kwa kuonekana hakuwa na nia mbaya. Picha ni moja, haikubadilika hata nukta. Maneno ya chini ndiyo yaliyohama.

Kwa hiyo ukishapiga, vuka barabara, salimia, uliza jina na alikuwa anafanya nini, na uandike kwenye daftari kabla hujapanda gari. Kabla ya kuuza, soma ukurasa wa pili.

4. Mengine mnayajua

Shata, ile kasi ya kamera kufunguka na kufunga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa mtu anayetembea. Apacha, yaani tundu la lenzi, iwe nane, fokasi umeiweka mita mbili na nusu, basi huhitaji kutafuta kitu. Betri ya pili iwe mfukoni, si nyumbani kwenye chaji. Kofia ya lenzi ibaki kwenye begi. Aiso, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ikiwa 1600 haijamuua mtu, picha iliyotikisika imeua nyingi.

5. Msifute picha mbaya

Kila nikikaa na ninyi mkahawani naona kidole kiko kwenye kile kitufe cha pipa la taka. Fremu haijapoa, imefutwa. Garry Winogrand, aliyeipiga New York kwa lenzi fupi ya milimita 28 kama mtu anayefukuzwa, alikuwa akiacha mikanda yake mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuisafisha, ili asahau alivyojisikia siku ile na aione picha yenyewe. Alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda kama 2,500 ambayo haijasafishwa kabisa. Huko alizidisha, sisemi mfike huko. Lakini ninyi mnaweka mtandaoni kabla mwendokasi haujafika kituo cha pili. Mpiga picha Robert Frank alirudi kutoka kuizunguka Marekani na fremu zaidi ya 27,000, akabakiza 83 kwa kitabu. Hakuzichagua barabarani.

Na ubaya wa picha ni wa leo tu. Atget alikuwa akiwauzia wachoraji picha za milango, ngazi na mabanda ya Paris ya zamani iliyokuwa ikibomolewa, na alipofariki mwaka 1927 kama si Mmarekani Berenice Abbott kununua sehemu kubwa ya kilichobaki na kukihangaikia miaka arobaini, leo tusingekuwa naye. Vivian Maier alilea watoto wa watu Chicago, siku zake za kutoka akipiga mitaa na kamera ya Rolleiflex, na masanduku yake yakapigwa mnada mwaka 2007 kwa sababu kodi ya stoo haikulipwa. Negativu zaidi ya laki moja zilikaribia kupotea kwa deni la stoo. Hapa kwetu studio ngapi zimefungwa na negativu zikatumika kuwashia moto? Nendeni Mji Mkongwe, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mkaone kuta zinavyokuwa familia ikikataa kutupa.

Mimi nilikuwa na folda moja ya mwaka 2009, ndani ya soko la Kariakoo, lile jengo la msanifu Beda Amuli la miaka ya 1970 lenye miavuli ya zege. Picha za ovyo kabisa. Fokasi imeshika gunia badala ya uso, mizani imekatwa nusu, taa imeungua pembeni. Mara mbili nilitaka kuifuta ili nipate nafasi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Kesho yake jioni kijana mmoja muuza viungo akanipigia simu, amepewa namba yangu na mtu. Anauliza kama nina picha ya meza ya marehemu mama yake, upande wa chini, karibu na ngazi. Ninayo. Mama mwenyewe hayumo, kuna mkono wake tu unafunga iliki kwenye gazeti. Nilimchapishia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama ile iliki muda mrefu, akaniuliza kama nina nyingine yenye uso. Sina. Nilikuwa na fremu mbili zaidi za meza ile, na hizo nilizifuta mwaka huo huo wa 2009 kwa sababu zilikuwa na giza.

6. Rangi, na majina ya kanga

Si kila kitu kigeuzwe cheusi na cheupe. Wazee wale walitumia nyeusi na nyeupe kwa sababu mkanda uliokuwepo, wa bei nafuu na wa haraka, ulikuwa huo. Saul Leiter alikuwa akipiga New York kwa rangi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kupitia vioo vyenye mvuke, na Raghubir Singh wa India alikataa katakata kuivua nchi yake rangi. Sisi wa pwani tuna sababu moja zaidi. Kijana mmoja aliniletea picha ya soko la samaki Feri: mwanamke amempa mgongo mpiga picha, mkono kiunoni, mbele yake mnunuzi ameinua samaki kwa mkia na anapandisha bei kwa uso. Nzuri sana. Lakini ameigeuza nyeusi na nyeupe, na chini amekata fremu kwenye mapaja ili "iwe safi". Nikamwomba ile ghafi. Juu kidogo ya pindo la kanga, lile alilolikata, kumeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, tena kwa nyeusi juu ya njano, kama jibu kwa mnunuzi yule yule! Nilimshika bega. Mdogo wangu, mama huyu ameshakuandikia maelezo ya picha, wewe umeyakata ukatupa.

Ukimpiga mtu mwenye kanga, soma jina kwanza.

7. Askari, watoto, na anayesema hapana

Kambi za jeshi na vituo vya polisi usielekeze hata kamera iliyozimwa. Mtoto, tafuta mkubwa wake. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi Tanzania ipo tangu 2022, Kenya tangu 2019, zisomeni wenyewe msingoje kusomewa kituoni. Mtu akisema usinipige, unashusha kamera, unasema samahani, na huibi nyingine kutoka kiunoni ukidhani hakuoni. Anakuona. Mtaa mzima unakuona, na kesho sisi wengine ndio tunaofukuzwa.

8. Rudisheni picha

Chapisha ndogo, ya kumi kwa kumi na tano. Bei yake haifiki soda mbili. Mpelekee.

Fundi viatu wangu nilimpelekea ya kwanza mwaka 2014. Ameitia kwenye plastiki, ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la kiwi, kwa hiyo kila akifungua asubuhi anajiona. Kingo zimekula, rangi nyekundu imeanza kwenda. Aliniambia wateja huuliza, naye huwaeleza siku hiyo alikuwa akishona kiatu cha nani, na mwenye kiatu alikuwa akienda wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Jumamosi ile, soli yangu ilipokauka, nikamlipa, nikamwambia wale vijana nawafahamu, ni kama wadogo zangu, nitawaandikia. Nikamuuliza kama ana neno la kuwapa. Akafikiri, akapuliza vumbi kwenye brashi.

"Waambie waje wakae. Niliviona viatu vyao kutoka hapa, vinahitaji kiwi."